Kufuata maji matamu ya Greenland: siku kumi na mbili kutoka barafuni hadi mkondoni

Maelezo haya yamepangwa baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari lililolowa mara mbili, risiti na picha za simu. Safari ilikuwa ya watu wawili, mwezi wa Agosti, upande wa magharibi wa Greenland. Nia ilikuwa kuyafuata maji tangu yanapoyeyuka juu ya barafu hadi yanapoingia kwenye mkondo wa bahari. Magazeti huandika kwamba barafu ya kaskazini ikiyeyuka, mzunguko mkubwa wa maji ya Atlantiki, ule unaopeleka maji ya juu kaskazini yakazame na kurudi kusini kilindini, utasimama. Kati ya "ikiyeyuka" na "utasimama" kuna njia ndefu ya maji ambayo mwandishi huiruka, na swali lote limelala humo njiani.

Neno moja kwanza. Vitabu vya shule huita maji yasiyo na chumvi "maji baridi". Humu yataitwa maji matamu, kama wasemavyo watu wa pwani, kwa sababu ubaridi ni habari nyingine, na mwenye kuvichanganya viwili hivyo atapotea kuanzia siku ya nne.

Siku ya 1: Copenhagen – Nuuk

Saa tano kasoro angani. Tangu Novemba 2024 Nuuk ina njia ya kurukia ndege ya mita 2,200, kwa hiyo ndege kubwa hutua mji mkuu moja kwa moja. Zamani abiria wengi walishushwa Kangerlussuaq kwanza.

Kwa wanaofuata: Greenland iko ndani ya Ufalme wa Denmark lakini haimo kwenye Schengen. Viza ya Schengen peke yake haikufikishi. Unapoomba kwa Denmark, taja Greenland kwenye fomu, na siku ya kuchukua pasipoti soma stika papo hapo dirishani kuona kama imeandikwa kwamba inatumika Greenland. Omba pia ya kuingia zaidi ya mara moja, maana ukishapanda ndege ya Nuuk umeshatoka Schengen, na kurudi ni kuingia upya.

Pesa ni krone ya Denmark. Hesabu ya haraka dukani: krone moja ni kama shilingi 20 za Kenya, au karibu 400 za Tanzania. Kikombe cha kahawa kilikuwa krone 38. Baada ya hapo chai ilipikwa chumbani.

Siku ya 2: ukungu

Ndege ndogo ya kwenda Kangerlussuaq ilikuwa ya asubuhi. Iliahirishwa mara tatu, ikaondoka saa kumi na mbili jioni. Neno la kwanza la Kigreenland linaloingia kichwani ni *immaqa*, "labda", na wenyeji hulitamka kwa utulivu uleule wa inshallah ya stendi ya basi. Mama mmoja kwenye viti vya kusubiria alitoa mfuko wa *ammassat*, samaki wakavu wakubwa kidogo kuliko dagaa, akagawa safu nzima bila kuuliza nani ni nani. Huliwa wazima, kichwa na mkia. Kinachokosekana ni pilipili tu.

Usipange safari mbili za kuunganisha siku moja. Acha siku nzima katikati, na chakula mfukoni.

Siku ya 3: Kangerlussuaq, juu ya barafu

Mji wa watu mia tano hivi, uliozaliwa na uwanja wa ndege ambao Wamarekani waliujenga 1941. Hakuna barabara ya gari inayounganisha mji na mji Greenland, lakini hapa kuna njia ya vumbi ya kilomita thelathini na tano hivi inayokwenda hadi ukingoni mwa barafu kuu, mahali panapoitwa Point 660. Basi la magurudumu makubwa, kwenda na kurudi, krone 850 kwa mtu. Ghali, lakini kwa miguu ni siku mbili na kubeba hema.

Barafu kuu ina eneo la kilomita za mraba milioni 1.7, karibu mara mbili ya Tanzania, na katikati unene wake unapita kilomita tatu. Ikiyeyuka yote, bahari za dunia zitapanda mita saba na zaidi. Pembeni kabisa, mahali pa kukanyaga, si nyeupe. Ni ya kijivu, imetoboka vishimo vya ukubwa wa kikombe cha kahawa, kila kimoja kimejaa maji masafi na chini yake vumbi jeusi kama masizi ya sufuria. Vumbi hunyonya jua, hupata joto, huyeyusha barafu iliyo chini yake, huzama. Ndivyo kishimo kinavyojichimba. Kati ya vishimo kuna vijito vya buluu visivyo na kina cha goti. Ukikifuata kimoja kwa macho utakiona kinazunguka zunguka, kisha kinaingia shimoni na kupotea. Maji yanateremka hadi kwenye mwamba na kuendelea na safari chini ya barafu.

Usisogelee shimo la namna hiyo. Ukingo wake ni laini na umeinamia ndani. Chukua miwani ya jua hata kukiwa na mawingu, na vyuma vya kuvaa chini ya viatu. Kiongozi alikuwa navyo, bila malipo ya ziada.

Siku ya 4: daraja la mto Watson

Maji yaliyopotea shimoni jana yanatokea hapa, katikati ya mji, chini ya daraja. Rangi yake ni ya uji wa ulezi uliopata maziwa mengi, kwa sababu barafu husaga mwamba kuwa unga mwembamba usiotulia. Jua ni kali zaidi adhuhuri, lakini mto hujaa alasiri hadi jioni, kwani maji huchukua saa kadhaa kutoka juu ya barafu kufika darajani. Mwenye nafasi ya kwenda mara moja aende jioni. Mwezi wa Julai 2012 mto huu ulibeba sehemu ya daraja hili hili. Siku hizohizo, kwa picha za setilaiti, karibu uso wote wa barafu kuu ulikuwa unayeyuka, hata kileleni.

Kipimo cha chumvi tulichobeba ni refraktometa ya mkono, ileile inayotumiwa na wafugaji wa kambamiti. Kwa atakayebeba yake:

Kwanza weka matone mawili ya maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke (ya betri ya gari yanafaa) juu ya kioo, funika bila povu, zungusha skrubu hadi mstari usome 0. Futa. Weka maji yako, kisha subiri nusu dakika kabla ya kusoma. Hapa ndipo wengi hukosea: kifaa hujirekebisha kwa joto kati ya nyuzi 10 na 30 tu, na tone la maji ya nyuzi 1 likisomwa upesi litakudanganya. Lisubiri lipate joto la kioo. Usisubiri dakika tano nalo, maana litakauka pembeni na kuzidi chumvi.

Mto Watson: 0, kama ilivyotarajiwa.

Sasa hesabu. Tangu 1992 hadi 2018 Greenland ilipoteza barafu tani bilioni 3,900 hivi, takribani nusu kwa kuyeyuka juu na nusu kwa vipande kuvunjikia baharini. Kwa miaka ya karibuni wastani ni kama tani bilioni 270 kwa mwaka. Tani bilioni moja ni kilomita moja ya ujazo ya maji, kwa hiyo kila mwaka inaondoka sehemu moja ya kumi ya Ziwa Victoria. Ukigawa kwa sekunde unapata mita za ujazo 8,600 hivi. Ni nyingi, lakini mto Kongo humwaga Atlantiki mita za ujazo 41,000 kila sekunde, karibu mara tano, na hakuna anayesema Kongo itasimamisha bahari.

Tofauti ya kwanza ni kwamba maji ya Kongo yamo kwenye hesabu ya siku zote, na haya ya Greenland ni nyongeza. Ya pili ndiyo kubwa: mahali. Kongo inamwagia kwenye bahari ya joto, ambako maji ya juu hayakuwa na mpango wa kuzama. Greenland inamwagia jirani na sehemu chache za dunia ambako maji ya juu huzama hadi kilindini.

Siku ya 5

Ndege ya dakika arobaini na tano hadi Ilulissat, kwa wakati wake. Hosteli, kitanda krone 420. Mbwa wa kuvuta sleji wanalia usiku kucha. Beba vizibo vya masikio.

Siku ya 6: Ilulissat, njia ya mbao

Kutoka jengo la makumbusho ya fyodi (mkono mrefu wa bahari ulioingia nchi kavu) lililofunguliwa 2021, njia ya mbao inapita juu ya tope hadi Sermermiut, kilomita moja na zaidi kidogo. Bure. Mbele yake ni mdomo wa fyodi ya barafu, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004.

Mto wa barafu unaolisha fyodi hii, Sermeq Kujalleq, husomba asilimia sita na nusu hivi ya barafu kuu yote. Mwendo wake huhesabiwa kwa mita kwa siku: wakati wa kasi, arobaini na zaidi. Vipande vinavyovunjika ni virefu kuliko jengo lolote la Dar es Salaam, na sehemu tisa kati ya kumi zimo majini. Kwenye mdomo wa fyodi chini kuna tuta la changarawe na udongo, kina chake kama mita 250. Vilima vya barafu vilivyo virefu kuliko hapo hukwama juu ya tuta, vikangojea kuyeyuka au kusukumwa na vinavyokuja nyuma. Kwa hiyo mandhari inayopigwa picha na watalii ni foleni.

Mabango yanakataza kushuka ufukweni, na si mapambo. Kilima kikipinduka, wimbi huja bila upepo na bila onyo, na huja mara kadhaa. Kaa juu ya mwamba. Saa nane mchana kimoja kilipasuka. Mlio ulifika kama lori lililomwaga kokoto, na dakika tatu baadaye maji ufukweni yalikuwa yamepanda na kurudi mara nne.

Chakula cha jioni: mgahawa wa mpishi wa Kithai, nyama ya maksai wa kaskazini kwenye mchuzi wa nazi. Krone 165. Nazi hapa si ya kukunwa, lakini ulimi haukulalamika.

Siku ya 7: mashua ya mvuvi

Bandarini, mzee mmoja alikuwa akifungua ndoano za kaputi, kamba ndefu ya kuvulia. Alipooneshwa chupa, kamba na refraktometa, alicheka, akaonyesha mashua kwa kidole. Petroli tu ndiyo aliyokubali kulipwa, krone 300, na hata hiyo baada ya kubishana.

Chombo cha kuchukulia maji ya chini kinatengenezeka popote. Chupa ya soda ya kioo, jiwe la kilo mbili limefungwa kitakoni, kamba iliyofungwa fundo kila mita, kizibo cha mpira chenye uzi wake wa pili. Shusha hadi kina unachotaka, vuta uzi, kizibo kinatoka, subiri povu liishe, pandisha kwa mwendo mmoja bila kusitasita. Chupa ioshwe kwanza mara tatu kwa maji ya hapo hapo. Kwenye mita 10 mgandamizo wa maji unahitaji uvute kwa nguvu ya kilo tatu hivi. Kwenye mita 20, karibu sita, na uzi wa kushonea hukatika. Ulikatika. Ule wa kuvulia ulihimili.

Karibu na vipande vya barafu: uso wa maji 26, mita 10 chini 31. Yaani gramu 26 na gramu 31 za chumvi kwa kilo ya maji; Atlantiki ya wazi ina kama 35. Mkono ukiingizwa majini hauhisi tofauti yoyote. Lakini kwenye mwanga wa upande, pale maji ya juu yalipokutana na ya chini, mlikuwa na mtetemo kama ule unaoonekana ukimimina sharubati nzito kwenye maji.

Mvuvi hakuhitaji kipimo. Halibati wake, alieleza kwa Kidenmaki na vidole, huvuliwa mita 500 hadi 800 chini, kwa kamba ndefu yenye ndoano mia kadhaa, kwa sababu chini kabisa ndiko kwenye joto. Anayetoka pwani yetu atadhani amesikia vibaya: mzamiaji wa Pemba hukutana na baridi kadiri anavyoshuka. Hapa maji ya juu ni matamu na mepesi, chini yake kuna tabaka baridi sana lililotoka kaskazini, na chini ya mita 200 hivi kuna maji ya Atlantiki yenye nyuzi tatu au zaidi, yenye chumvi nyingi kiasi kwamba uzito wa chumvi unayakalisha chini hata yakiwa na joto. Chumvi ndiyo inayopanga tabaka. Joto linafuata amri.

Maji hayo ya chini ndiyo yaliyouvunja mto wa barafu. Mwaka 1997 joto la kilindini liliongezeka ghafla kwenye ghuba hii. Waliokuwa na vipimo ni meli za kuhesabu kambamiti, zilizokuwa zikifunga vipimajoto kwenye nyavu zao kwa shughuli zao wenyewe, na ni vitabu vyao vilivyokuja kueleza kwa nini ulimi wa barafu uliokuwa ukielea mbele ya Sermeq Kujalleq ulikatika na mwendo wake ukaongezeka mara mbili. Tangu 2016 ghuba ikapoa kwa miaka michache, na mto ukapunguza mwendo. Kwa hiyo bahari inayeyusha barafu, na barafu inatia maji matamu baharini. Anayehesabu upande mmoja tu anakosa nusu ya hesabu.

Siku ya 8: jikoni mwa hosteli

Mvua. Siku ya kujaribu jambo ambalo kila mwalimu wa fizikia anaweza kulirudia kesho.

Chemsha ua la rozela (choya), likipoa gandisha kwenye friji vipande viwili vya ukubwa sawa. Chukua glasi mbili ndefu, maji ya joto la chumba, nusu lita kila moja. Ya kwanza iache. Ya pili tia gramu 17 au 18 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chakula kisicho na kilele, koroga hadi iwe angavu. Acha zitulie dakika tano; hapa watu huharakisha na maji yanayozunguka huharibu kila kitu. Tumbukiza barafu taratibu, usiguse tena.

Kwenye maji matamu, nyuzi nyekundu zinashuka kutoka kwenye barafu hadi kitakoni, zinafika, zinatambaa, na glasi nzima inageuka rangi. Kwenye maji ya chumvi, wekundu unabaki juu, tabaka la unene wa kidole, na chini kuna uwazi mtupu. Kisha angalia saa: barafu iliyo kwenye chumvi inachelewa sana kuisha. Maji yake mwenyewe yamejifunika juu yake kama kifuniko cha sufuria, na joto la chini halipandi. Jikoni mle mmoja wa wageni alikuwa ameweka dau la kinyume, akiamini chumvi huyeyusha barafu upesi. Aliosha vyombo.

Kifuniko hicho ndicho habari yote ya bahari za kaskazini. Majira ya baridi upepo kutoka nchi kavu hunyonya joto la maji ya juu. Yakipoa huwa mazito, yakizidi uzito wa yaliyo chini huzama. Lakini katika maji yaliyokwisha kuwa baridi, kupoa kwa nyuzi moja zaidi huongeza uzito kidogo sana, takribani gramu 100 kwa mita ya ujazo, wakati gramu moja ya chumvi kwa kilo huongeza gramu 800. Maana yake: kazi ya kupoza maji kwa nyuzi tatu, kazi ya dhoruba za wiki nyingi, inafutwa na upungufu wa chumvi usiofika nusu gramu kwa lita. Refraktometa yetu isingeweza hata kuuona upungufu huo.

Jioni mwenye hosteli alisema binti wa jirani anatimiza miaka sita na nyumba iko wazi. Desturi huitwa *kaffemik*: unaingia, unavua viatu, unakula keki na samaki wa moshi, unakaa nusu saa, unapisha wengine. Hakuna anayekuuliza umealikwa na nani. Chukua zawadi ndogo na soksi zisizotoboka.

Siku ya 9 hadi 11: meli ya pwani

*Sarfaq Ittuk* husafiri mara moja kwa wiki kiangazi. Kitanda cha pazia, Ilulissat hadi Nuuk, krone 1,900 kwa mtu. Tikiti za Agosti huisha mapema. Supu ya sili na mchele, *suaasat*, ilipatikana siku moja tu. Mafuta yake yana harufu ya samaki na ladha ya nyama, na inashibisha hadi kesho yake. Aasiaat, Sisimiut, Maniitsoq: kila kituo dakika thelathini hadi saa mbili, na bandari nzima hutoka kupokea wageni.

Meli inakwenda kusini lakini maji yanakwenda kaskazini. Mkondo wa pwani ya magharibi ya Greenland unatoka upande wa mashariki, umezunguka rasi ya kusini kabisa, na kupanda hadi ghuba ya Baffin. Vilima vya Ilulissat hupanda nao, huzunguka ghuba, halafu hushuka upande wa Kanada hadi mbele ya Newfoundland, safari ya miaka miwili mitatu. Huenda kile kilichoizamisha Titanic, Aprili 1912, kilizaliwa kwenye foleni ile ya siku ya sita.

Jambo la kushika ni kwamba maji haya matamu yanakumbatia pwani. Dunia inavyozunguka huyageuza mkono wa kulia, na kulia kwake ni nchi kavu, kwa hiyo yanasafiri kama mto ulioegemea ukuta, upana wa makumi ya kilomita, bila kuchanganyika sana na bahari ya Labrador iliyo nje, ambako kuzama hutokea. Ndiyo sababu mtu hawezi kuchukua tani bilioni 270 akazimwagia katikati ya bahari kwenye hesabu yake. Sehemu hupita bila kugusa mahali penyewe. Zinazovuka huvuka kwa vizingo, duara za maji zinazojimega kutoka mkondoni na kwenda zake. Kilicho muhimu ni kiasi gani kinavuka, na lini.

Kwamba kikivuka kinaweza kuzuia kuzama, tunajua kwa mfano mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 barafu na maji matamu kupita kiasi yalitoka bahari ya Aktiki kupitia mlango wa Fram, kaskazini mashariki mwa Greenland, ziada ya kilomita za ujazo 2,000 hivi, robo tatu ya Ziwa Victoria. Zikashuka mashariki mwa Greenland, zikazunguka rasi, zikafika bahari ya Labrador. Huko ilikuwapo meli ya hali ya hewa, kituo cha Bravo, iliyokuwa ikikaa pale pale mwaka hadi mwaka na kupima. Kati ya 1969 na 1971 vipimo vyake vilionyesha majira ya baridi yanapita na maji hayazami, kifuniko kilikaa. Ilihitajika baridi kali ya 1972 kukivunja. Ziada hiyo iliendelea kuzunguka Atlantiki ya kaskazini, ikaonekana tena bahari za Norwei na Greenland kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilikuja kwa wingi na kwa pamoja, ikitokea upande wa juu wa mkondo. Leo kwenye duara la Beaufort, ndani ya Aktiki, kumekusanyika zaidi ya kilomita za ujazo 20,000 za maji matamu, ambazo upepo unaweza kuziachia. Kwa maoni ya daftari hili, huko ndiko kunakostahili kuangaliwa sawasawa na Greenland, na magazeti hayaangalii huko.

Siku ya 12: Nuuk tena

Bandarini fundi mmoja alikuwa akisuuza chombo cha kupimia bahari, silinda ya ukubwa wa kifaa cha kuzimia moto, akatuachia tuulize tulivyotaka. Hiki ndicho kinachoona kile refraktometa isichoona: hupima chumvi kwa kupitisha umeme kwenye maji, usahihi wa sehemu tatu kwa elfu za gramu. Hushushwa, huachwa mita kumi chini dakika moja au mbili hadi pampu itoe hewa, hupandishwa karibu na uso, ndipo hushushwa kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde au pungufu. Povu moja likibaki kwenye bomba la kioo, kipimo chote cha juu ni takataka. Adui mkubwa ni baridi ya hewani: maji matamu ya kusuuzia yakiganda ndani ya bomba hilo, kioo kinapasuka. Kwa hiyo majira ya baridi humwagwa yote, chombo hakiachwi sitahani. Meli ya utafiti *Dr. Fridtjof Nansen*, inayofahamika kwa wavuvi wa pwani yetu, hubeba vyombo vya jamii hiyo hiyo. Na Nansen mwenyewe, Mnorwei ambaye meli ina jina lake, mwaka 1888, alimalizia mji huu safari ya kuivuka barafu kuu kwa ski.

Vipimo vikubwa viko mbali na hapa. Mstari wa maboya kwenye nyuzi 26.5 kaskazini, kutoka Bahama hadi Afrika, unapima mzunguko tangu 2004: wastani ni kama svedrupi 17, na svedrupi moja ni mita za ujazo milioni moja kwa sekunde. Mito yote ya dunia ikijumlishwa ni svedrupi moja na kidogo. Maji ya Greenland ya siku ya nne hayafiki hata sehemu moja ya mia ya svedrupi. Mstari wa pili, uliowekwa 2014 kati ya Labrador, Greenland na Uskoti, ulileta mshangao: sehemu kubwa ya kugeuka kwa maji hutokea mashariki mwa Greenland, na bahari ya Labrador ina mchango mdogo kuliko ilivyofundishwa. Kwa hiyo hata safari hii, tukisema kweli, ilipita pwani ya upande wa pili.

Hofu yenyewe ilielezwa na mtaalamu wa bahari Henry Stommel mwaka 1961 kwa hesabu ya masanduku mawili ya maji. Mkondo huleta chumvi kaskazini. Chumvi husaidia maji kuzama. Kuzama huvuta mkondo. Ukipungua, chumvi inayofika inapungua, na mkondo unapungua tena. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, katika ripoti ya 2021 linaona uwezekano mkubwa sana kwamba mzunguko utadhoofika karne hii, na kwa uhakika wa wastani kwamba hautaanguka ghafla kabla ya 2100.

Na kwetu? Zamani za barafu, miaka elfu kumi na sita na ushei iliyopita, vilima vya barafu viliimwagia Atlantiki ya kaskazini maji matamu kwa wingi na mzunguko ukadhoofika sana. Wakati huohuo mvua za Afrika ya mashariki zilikatika. Matope yaliyochimbwa chini ya Ziwa Victoria yanaonyesha kwamba kipindi hicho lilikauka.

Hesabu, kwa mtu mmoja, bila tikiti ya kufika Copenhagen: ndege za Copenhagen–Nuuk kwenda na kurudi na zile mbili ndogo, krone 11,400, meli 1,900, malazi 4,300, basi la barafuni 850, petroli nusu 150, chakula 2,600. Tungeokoa elfu moja kwa kununua mchele na samaki sokoni tangu siku ya kwanza.

Anayetaka kuona maji yakizama, asije Agosti, na kusema kweli asije kabisa. Ni Februari na Machi, mamia ya kilomita kutoka pwani, kwenye giza na mawimbi ya mita kumi. Maboya ya Argo yapo huko: kila siku kumi hushuka hadi mita 2,000, hupanda yakipima joto na chumvi, hutuma kwa setilaiti. Data zake ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Chagua boya la bahari ya Labrador au ya Irminger, iliyo mashariki mwa Greenland, chora chumvi dhidi ya kina, mwezi kwa mwezi. Mstari ukinyooka kutoka juu hadi chini, maji yamechanganyika na kifuniko hakipo. Ukipinda karibu na uso, kipo.